Sonda Aliyoifunga Patroni

Kwa miaka miwili nilipita mbele ya gereji yake kila asubuhi, ingawa njia ya kutoka nyumbani kwetu hadi kwenye meza yangu ya kazi haikupita huko. Nilizunguka makusudi. Nilitaka anione. Nilitaka kila anapoinua kichwa kutoka kwenye boneti akutane na uso wangu na aukumbuke mkono wa kaka yangu. Siku nyingine aliniona akageukia pembeni. Siku nyingine aliendelea kucheka na wateja wake, na siku hizo sikula mchana.

Mimi ni fundi umeme wa magari, mwanamke, hapa Rumonge. Kazi hii niliijulia Tanzania, kambini, ambako nilizaliwa na kukua. Jirani yetu mmoja Mkongo alikuwa akifufua jenereta na magari yaliyotupwa, na kwa kuwa nilikuwa na vidole vyembamba alinipa nyaya ambazo mkono wake haukuzifikia. Tuliporudi Burundi, mama, kaka yangu na mimi, kaka ndiye aliyepata kazi kwanza. Aliendesha lori la mama mmoja mfanyabiashara aliyetoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Uvira. Mama huyo alinunua mafuta ya mawese Kizuka na kuyapandisha milimani, Bururi na zaidi. Kaka ndiye aliyenipeleka kwenye gereji ambako lori lile lilitengenezwa, akamwambia mwenye gereji, "Huyu ni mdogo wangu, anajua umeme kuliko wanaume."

Mwenye gereji tulimwita patroni, kama wenye gereji wote wanavyoitwa huku. Alikuwa mwanamume mnene, mwenye sauti ya kujaza ua. Sitamsingizia: alinichukua siku ileile. Alijisifu kwa wateja kwamba yeye ndiye wa kwanza Rumonge kumpa mwanamke spana. Nilimpenda kwa hilo. Ndiyo maana baadaye chuki yangu ilikuwa nzito vile.

Siku moja kaka alileta lori feni yake ikiwa imevunjika. Ilikuwa feni ya zamani inayozungushwa na mkanda wa injini, na kipuri chake hakikupatikana Rumonge wala Bujumbura. Patroni akaamua kuweka feni ya umeme iliyotolewa kwenye lori lililopata ajali. Wazo halikuwa baya. Lakini feni ya umeme haijui lini izunguke, lazima iambiwe. Kinachoiambia ni sonda, kipande cha shaba chenye ukubwa wa kidole gumba. Kinafungwa kwenye rejeta, ncha yake ikizama ndani ya maji. Maji yakifika joto fulani, sonda inaunganisha umeme na feni inawaka. Yakipoa, inaukata. Ni kitu kidogo, na injini nzima inakitegemea.

Patroni alichakura kwenye ndoo ya vyuma vya zamani akatoa sonda moja. Akaipaka gundi nyekundu, ile anayoitumia kila mahali kuzuia maji yasivuje, mpaka namba zilizochongwa juu yake zikapotea.

Nikamwambia, "Patroni, tuijaribu kwanza. Tuitie kwenye sufuria ya maji motoni na taa ya majaribio, tuone inawaka kwenye digrii ngapi."

Walikuwapo wateja watatu, na dereva wa pikipiki aliyekuja kuomba upepo. Patroni aliwatazama wao kwanza, kisha mimi.

"Hapa iko gereji," alisema. "Hapana jikoni. Ukitaka kuchemusha maji, rudi kwa mama yako."

Walicheka. Na mimi nilicheka. Hilo pia sijajisamehe.

Sonda aliifunga yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Mimi nilivuta nyaya, nikafunga rele na fyuzi, kisha nikagusanisha zile nyaya mbili za sonda ili kujaribu. Feni ikazunguka vizuri. "Unaona?" patroni akasema, akanipiga bega. Lakini jaribio lile lilionyesha kwamba nyaya zangu ni nzima, basi. Kuhusu sonda halikuonyesha chochote. Nililijua hilo nikiwa nimesimama palepale, na nikanyamaza.

Kesho yake kaka alipanda na mapipa ya mawese kwenye barabara ya Bururi. Anayeifahamu barabara ile anajua inavyoacha ziwa na kuanza kukwea kona baada ya kona, na lori lenye mzigo linakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Upepo wa kupoza injini haupo. Ni feni tu. Na feni haikuwaka hata mara moja.

Mshale wa joto kwenye dashibodi ulikuwa umekufa siku nyingi. Kaka alijua tu pale mvuke ulipotoka mbele ya kioo. Akasimama, akaweka mawe kwenye magurudumu, akasubiri. Hakusubiri vya kutosha. Alifungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, na maji yaliyokuwa yakichemka ndani yakamrukia. Yalimuunguza mkono wa kulia wote, kutoka vidoleni hadi begani, na upande wa shingo. Nilimkuta hospitali ya Bururi jioni ile. Ngozi ya mkono ilikuwa imetoka kama soksi. Leo vidole vyake vitatu havikunjiki.

Mama mwenye lori alipokuja gereji, nilikuwa nimetoka Bururi siku hiyohiyo, nikiwa sijalala. Injini ilikuwa imeharibika, silinda hedi imepinda. Alikuwa akilia kwa sauti, na watu wa barabarani walisimama kwenye lango. Patroni hakunitazama. Alinyoosha kidole upande wangu tu, akapaza sauti yake ile ya kujaza ua.

"Umeme ni huyu aliufunga! Miye nilifunga chuma tu. Kama feni haikuwaka, mumuulize huyu!"

Nilifungua mdomo. Sauti yake ikaifunika yangu. Alichukua mkoba wangu wa vifaa akaurusha nje ya lango, spana zikamwagika kwenye vumbi, nami nikaziokota moja moja huku watu wakinitazama. Tangu siku ile Rumonge nzima ilinijua kwa jina moja: yule mwanamke aliyemuunguza kaka yake. Nililisikia sokoni. Nililisikia kanisani, benchi la nyuma yangu, kwa sauti ya chini ambayo ilikusudiwa nisikie. Mtu mmoja tu wa nyumba ya patroni alikuja hospitali, mke wake, na sabuni na ndizi. Hakusema lolote juu ya mume wake. Tangu hapo kila tulipokutana alinisalimu, "Amahoro, dada," na mimi nilimjibu.

Kaka aliporudi hakuweza kushika usukani. Alikwenda Kigwena kwenye kipande cha shamba tulichorudishiwa, akajifundisha kukata mikungu ya mawese kwa mkono wa kushoto. Hakuniuliza hata siku moja kama ni mimi niliyekosea. Afadhali angeniuliza.

Nilipata meza karibu na soko. Nilitengeneza taa za sola, nilichaji simu, nilifunga taa za pikipiki. Gari hakuna aliyenipa. Mikono ilifanya kazi hizo, na kichwa kilikuwa gereji kwa patroni. Nilijua wateja wake wote. Nilijua gari gani limerudi mara mbili kwa ugonjwa uleule. Nilihesabu makosa yake kama mtu anayesali.

Siku moja aliingia mikononi mwangu kabisa. Mtu wa gereji yake, mgeni aliyekuwa hajui habari yetu, aliniletea altaneta, ile inayochaji betri ya gari, nizikaze nyaya zake. Nikamuuliza ya gari gani. "Ya pikapu ya patroni mwenyewe," akajibu, akaenda kunywa chai.

Nilikaa nayo mapajani. Nilijua la kufanya. Nati moja ningeiacha nusu, waya mmoja ningeukwangua ngozi mahali pasipoonekana, na siku moja akiwa njiani moto ungeanza wenyewe. Niliuona moto ule, rangi yake na harufu ya plastiki. Nilikaa na picha hiyo muda mrefu, na ilikuwa tamu.

Sikufanya. Msidhani ni wema. Moto ungeonekana ajali, watu wangemhurumia, na wangemchangia kanisani. Mimi sikutaka apate ajali. Nilitaka apate aibu, mchana, mbele ya watu, na ajue imetoka kwa nani. Nilikaza nati zote, nikairudisha altaneta ikiwa nzima kuliko ilivyokuja.

Kisha, mwaka huu, mama mwenye lori akasimama mbele ya meza yangu.

Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa, akaweka simu yake mezani kama mtu aliyekuja kuichaji.

"Amahoro, mutoto wangu."

"Amahoro, mama."

"Kamyo yangu inanisumbua. Ile siku injini ilikufa, walinitengenezea Bujumbura. Wakaniwekea bituni ndani ya kabini, dereva abonyeze vantilateri, ile feni, yeye mwenyewe. Sasa huyu dereva anasahau. Akisahau kuwasha, maji inachemka. Akisahau kuzima, betri inakufa. Nimechoka. Na watu wanasema weye unajua hii vitu."

"Watu wanasema nilimuunguza kaka yangu."

Aliinamisha macho. "Nilisikia uchungu ile siku. Sikukutetea. Nisamehe."

Sikumwambia nimesamehe. Nilimuuliza, "Sonda ya zamani iko wapi?"

"Sonda gani?"

"Ile aliyoifunga patroni kwenye rejeta."

"Iko palepale. Walikata waya tu, chuma hawakugusa."

Nilishika ukingo wa meza. Miaka miwili, na sonda ilikuwa bado imekaa mahali alipoifunga kwa mikono yake, na gundi yake nyekundu juu yake.

"Lori liko wapi sasa?"

"Kwenye foleni ya mazutu, kituo cha mafuta. Dizeli imekosekana. Leo siku ya pili."

"Na patroni, amepata mazutu?"

Akaichukua simu yake mezani. Hakuwa mtu mjinga. "Pikapu yake iko nyuma yetu," alisema polepole. "Gari kumi hivi."

"Nitakuja kesho saa nne asubuhi. Nitafunga sonda mpya palepale kwenye foleni."

"Kwa nini usingoje tupate mazutu, ukuje nyumbani, ufanye kazi kwa kivuli?"

"Palepale kwenye foleni, mama."

"Unatafuta nini, mutoto wangu?"

"Sonda," nikamjibu.

Sonda mpya nilikuwa nayo. Niliinunua Bujumbura mwaka uliotangulia, ya saizi ya rejeta ile hasa, wakati sikuwa na lori lolote la kuifunga. Niliiweka sandukuni pamoja na nguo za kanisani.

Asubuhi ile foleni ilikuwa ndefu kuanzia kituo cha mafuta hadi karibu na njia ya kwenda ufukweni. Malori, pikapu, mabasi madogo, mitungi iliyofungwa kwa kamba. Madereva walikuwa wamechoka kulala, wamechoka kucheza karata, wamechoka hata kutukana. Walitaka kitu cha kutazama, nami nilikuwa nimewaletea. Mbele ya lori la mama yule palikuwa na mwanamke anayekaanga ndagala, samaki wadogo wa ziwa, kwenye kikaango kikubwa cha mawese, na kando yake jiko la pili la makaa na sufuria ya chai. Nilimwomba sufuria. Akaniuliza nataka kupika nini. Nikamwambia, "Nitakuonyesha."

Nilimwaga maji ya rejeta kwenye beseni mpaka yakashuka chini ya tundu la sonda. Nikaweka spana. Gundi ilikuwa imeshika kama mfupa, nikaweka uzito wangu wote, ikalia, ikaachia. Sonda ikatoka mkononi mwangu ikiwa nyekundu vilevile. Niliiinua juu.

"Hii," nilisema kwa sauti, "ndiyo iliyomuunguza kaka yangu. Nataka muione ikifanya kazi."

Walikuja. Wengine walikuwa wamenijua kwa lile jina langu, niliona wanavyonong'ona. Sikuharakisha. Nilitaka habari ifike gari la kumi, na ilifika. Patroni alikuja akisukuma watu kwa tumbo, mikono nyuma.

"Ni tamasha gani hii?" akauliza.

"Jikoni," nikamjibu. "Karibu."

Niliweka betri ndogo chini, nikaunganisha taa ya majaribio, na waya wa mita yangu unaopima joto nikauzamisha kwenye sufuria. Mita nilimpa dereva mmoja, mtu mzima wa Nyanza-Lac, asiyenijua mimi wala patroni, nikamwambia asome namba kwa sauti. Kwanza niliingiza sonda mpya.

"Sabini," alisoma. "Themanini. Themanini na sita. Tisini. Tisini na mbili."

Taa ikawaka. Watu wakaguna kwa pamoja. Niliitoa sonda kwenye maji, ikapoa, taa ikazima. Niliirudisha, ikawaka tena.

"Sasa ya patroni," nikasema.

Dereva akasoma. Tisini na mbili, taa giza. Tisini na tano, giza. Maji yakaanza kuruka ndani ya sufuria, tisini na saba, na hapo namba ikagoma kupanda, kwa sababu Rumonge iko juu kuliko pwani, na maji yake yakishachemka hapo hayana kwingine pa kwenda. Taa ilikuwa nyeusi.

Patroni akacheka kile kicheko chake. "Lakini hii imekufa! Iko miaka mbili ndani ya maji ya kutu. Kitu yoyote inakufa. Ile siku ilikuwa nzima, waya ndiyo ilifungwa vibaya."

Nikaona vichwa vinakubali. Maneno yake yalikuwa na akili, na nilikuwa nimeyangoja. Nilikuwa nimeyangoja miaka miwili, msidhani nilikuja na sufuria peke yake. Nilimgeukia yule mwanamke wa ndagala.

"Mama, niazime kikaango chako kidogo."

"Utaniharibia mafuta!"

"Nitakununulia mengine."

Alitoa ndagala wake kwa kijiko cha matundu huku akilalamika. Niliepua kikaango mpaka mafuta yakapoa, kisha nikakirudisha motoni. Nilikausha sonda kwa kitambaa mpaka isibaki tone, nikaishika kwa koleo, nikazamisha ncha yake tu kwenye mawese. Waya wa mita nikauweka kando yake.

"Mia moja," akasoma dereva. "Mia moja na tano. Mia moja na kumi." Mafuta yalianza kunukia. "Mia moja na kumi na tano. Kumi na saba. Mia moja na kumi na nane."

Taa ikawaka, kali, mchana kweupe.

"Haijafa, patroni," nilisema. "Iko nzima. Inafanya kazi yake vizuri kabisa. Lakini kazi yake siyo feni. Hii ni sonda ya kuwasha taa nyekundu ya dashibodi, ya kumwambia dereva kwamba injini imeshaungua. Ulifunga sonda ya kutangaza msiba."

Nikakwangua gundi kwa kisu, polepole, mpaka chuma kikaonekana. Nikampa dereva wa Nyanza-Lac. "Soma kilichoandikwa."

Aliigeuza kwenye jua. "Mia moja na kumi na nane."

Kelele zilizopigwa pale zilifika ziwani. Mama mwenye lori alijishika kichwa kwa mikono miwili. Patroni alikuwa bado amesimama, jasho likimshuka kwenye masikio.

Ningeweza kuishia hapo. Nilikuwa nimeshinda. Lakini sikuwa nimekuja kushinda tu.

"Siku ile nilikuomba sufuria," nilisema. "Uliniambia nini? Waambie."

Aligeuka kuitazama pikapu yake.

"Waambie ulichosema. Wewe ni mtu wa sauti kubwa."

Hapo nilimwona mke wake. Alikuwa ameshuka kwenye pikapu, amesimama nyuma ya watu na kanga begani. Aliniambia, bila hasira, "Dada, inatosha."

"Haijatosha," nikamjibu.

Nikaeleza mkono wa kaka. Nilieleza ngozi ilivyotoka, harufu ya wodi, usiku kaka alivyouma shuka ili mama asisikie. Nilieleza spana zangu kwenye vumbi. Nilieleza yote nikimtazama patroni usoni, na alipojaribu kuondoka madereva hawakumpisha, walisimama bega kwa bega mpaka nilipomaliza. Mke wake alikuwa akilia. Nilimwona, na niliendelea.

Walipompisha, alikwenda moja kwa moja kwenye pikapu, akaiwasha na kutoka kwenye foleni. Nafasi ya siku mbili. Kabla vumbi lake halijatulia gari lililokuwa nyuma yake lilikuwa limeshasogea mbele, na la nyuma ya hilo, na nafasi yake ikazibika kana kwamba hakuwahi kuwapo.

Kisha nilifanya kazi. Nilisafisha uzi wa tundu kwa brashi ya waya, nikaweka washa mpya ya shaba, ile pete ya kuzuia maji yasivuje, nikaingiza sonda kwa vidole mpaka ilipokaza yenyewe, halafu robo mzunguko tu wa spana, maana rejeta ni laini na ukiikaza kwa hasira inapasuka. Nilijaza maji taratibu huku nikiminya paipu ya juu kutoa hewa, kwa sababu hewa ikibaki kwenye ncha, sonda inapima hewa na kusahau maji. Niliunga waya. Mama mwenye lori akakubali tuichome mazutu kidogo iliyobaki. Injini iliwaka, tukangoja. Kisha feni ikazunguka yenyewe, hakuna aliyeigusa, na watu wakapiga makofi. Baada ya muda ikazima yenyewe.

Mtaniuliza nilisikia nini. Nilisikia utamu. Nililala siku ile kama mtoto, na kesho yake niliamka na njaa.

Madereva wanabeba habari kuliko redio. Kabla ya mwezi kuisha niliacha meza ya sokoni nikakodi ua mkabala na gereji ya patroni. Palikuwa na nafasi nyingine nzuri zaidi, karibu na stendi. Nilichagua pale. Kila lori lililoingia kwangu lilipita kwanza mbele ya lango lake, na nilihakikisha linaegeshwa mahali anapoliona. Mafundi wake wawili walivuka barabara kuja kwangu, nikawachukua, ingawa mmoja sikumhitaji. Mke wake alipita mara kwa mara akienda sokoni. Hakunisalimu tena. Mara ya kwanza nilimwambia mimi, "Amahoro." Alipita kama hakusikia. Hilo liliniuma, sitaficha, lakini si kiasi cha kunirudisha nyuma.

Kisha kaka alikuja kutoka Kigwena, amevaa shati la mikono mirefu kama kawaida yake, akakaa kwenye tairi.

"Patroni alikuja shambani," aliniambia.

Nikaacha nilichokuwa nikikifanya. "Kufanya nini?"

"Kuomba msamaha. Alipiga magoti, mdogo wangu, mbele ya mama."

"Na wewe?"

"Nimemsamehe."

Nilisimama na koleo mkononi. "Kwa ruhusa ya nani?"

"Mkono ni wangu," kaka akasema.

"Na jina je? Lile jina waliloniita miaka miwili ni lako?"

Alijikuna shingo pale kovu linapoanzia. "Hapana. Hilo ni lako. Mimi nimesamehe langu. La kwako fanya unavyotaka, lakini mimi sitakusaidia kulibeba. Nimechoka kukuona unavyomtazama yule mtu."

Nilimfokea. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii kaka yake mkubwa, mpaka mafundi wangu wakatoka nje ya ua. Kaka aliinuka kwenye tairi. Alipoondoka nilimwona akivuka barabara, akaingia lango la patroni, akatoka na chupa mbili za soda. Wakakaa kwenye benchi, wao wawili, wakinywa, mkono wangu wote wa kisasi umebaki hewani hauna pa kupiga. Nilirudi chini ya gari nikalia kwa hasira.

Wiki chache baadaye patroni alivuka barabara mwenyewe. Aliendesha lori la mteja wake, feni yake ya umeme ikiwa haiwaki, na alikuwa ameshindwa. Alishuka akavua kofia.

"Ninaomba uniangalilie sonda," alisema. "Na kama unaweza, unionyeshe namna ya kuzitofautisha."

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Nilimwonyesha benchi. Nikafanya pikipiki mbili, basi dogo, pikapu ya mwalimu. Walikuja watu baada yake nikawahudumia kabla yake. Saa sita ikapita, jua likahamia benchi lake, hakuhama. Saa tisa nililifungua lori lile. Nilisoma namba ya sonda kwa sauti, nikamwonyesha mahali inapochongwa, nikaichemsha kwenye sufuria mbele yake. Nilimfundisha kila kitu, hatua kwa hatua, kama ninavyomfundisha mtu yeyote. Sikumwita patroni.

"Murakoze," alinishukuru nilipomaliza. "Murakoze cane."

Nilifunga boneti, nikafuta mikono, nikamwita aliyefuata.